Tungule, Bosi na usiku wa Kisaka

Tuanze na mtandio. Ulikuwa mweupe, mwepesi, umenunuliwa Darajani, na biharusi wetu aliuweka makhsusi kwa sala za siku zake za fungate. Leo una rangi ya chai ya maziwa na haurudi tena ulivyokuwa. Tuliuharibu sisi wenyewe, watu wazima wanne, saa nne za usiku, kwa ndoo ya maji na udongo wa uani, tukihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Kosa la mtandio lilikuwa kupitiwa na mbwa. Kosa letu tutalieleza.

Hayo yalitokea Kisaka, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Si Isaka ya reli, ile ya Shinyanga, ingawa shangazi wa biharusi alituaga kwa kututakia safari njema ya Isaka na mpaka leo anawaambia watu tulikwenda huko. Kisaka ni mbali zaidi, kule ambako ukielekea kaskazini utaukuta mto Mara, na ng'ambo ya mto ni Tarime. Kijana wa huko alikuja Unguja kikazi, akapenda, akaposa, akaozwa, kwa heri na baraka. Sisi tulipewa kazi ya kumsindikiza biharusi kwa wakwe. Tulipanda boti mpaka Dar es Salaam, kisha mabasi, na njia nzima tulikuwa na kikapu cha ukili chenye paka ndani. Paka anaitwa Lozi. Biharusi alisema bila ya Lozi haendi popote, na bwana harusi, maskini, alijibu kwamba kwao paka hawakatazwi.

Sasa, kila Shaabani ikikaribia, mabiharusi hutuuliza mambo yale yale. Singo ianze siku ngapi kabla? Hina na piko, au hina peke yake? Udi gani hautoi moshi mkali? Tunajibu kwa furaha, maana hayo tunayajua. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kutuuliza swali ambalo sisi baada ya Kisaka tunaliona la mwanzo kwa kila binti anayeolewa nje ya visiwa: huko kwao kuna mnyama gani, na analala wapi?

Masomo wetu hawalifundishi hilo. Somo atakufundisha kufukiza nguo, kutia asumini kitandani, kumpokea mume mlangoni. Kuhusu mbwa, hana neno. Mbwa kwa somo ni kitu kinachotokea kwa watu wengine.

Matatizo yetu yalianza na maneno, kabla hata hatujamwona mnyama yeyote. Bwana harusi alikuwa amemwambia mkewe kwa siku nyingi kwamba mji wao ni mkubwa. Biharusi akafahamu alivyofahamu, na sisi pia: mji, yaani maduka, taa, labda duka la nguo. Tukafika tukaoneshwa nyumba tatu, zizi, ghala la nafaka na ua mpana uliofagiwa vizuri sana. Huo ndio mji. Kule mji ni makazi ya mtu na watu wake na ng'ombe wake. Na kwa kipimo hicho, haki lazima isemwe, ulikuwa mkubwa kweli.

Jioni ile ile mama mkwe akamwambia mtoto: "Bosi asiingie ndani, mfungie nje." Tukatazamana. Baadaye kidogo: "Bosi mpe mabaki." Tulimwonea huruma sana baba mkwe. Mtu mzima, mwenye ng'ombe wote wale, halafu anafungiwa nje na kupewa mabaki! Mmoja wetu alifika mpaka kunong'ona kwamba biharusi awe na hadhari, huenda huko wanawake ndio wanaotawala. Kisha Bosi akatokea gizani, mwenye masikio yaliyosimama na mkia unaopiga huku na huku, akapita katikati yetu kama mwenye nyumba, na ubavu wake ukausugua mtandio uliokuwa umeanikwa kwenye kamba ya chini.

Mlijua tutakavyofanya. Mayowe. Watoto wa mji ule walicheka mpaka wakakaa chini. Biharusi analia, sisi tunatafuta udongo, na bwana harusi kutoka upande wa zizi anaita kwa sauti iliyojaa usiku mzima: "Kuja hapa! Wewe! Kuja!" Kwetu sisi mume haiti hivyo. Kwetu mume akisema "hebu njoo" kwa sauti nzito kidogo, mke ameshapiga simu kwao. Biharusi akajifungia chumbani akasema anarudi Unguja asubuhi. Tulipomaliza kuosha mara ya saba tulikuwa tumeshaanza kukunja madera na kuyatia mikobani, na hatukuona ajabu yoyote katika hilo. Ndoa ilikuwa na siku tisa.

Tulimpigia simu ustadhi wetu mmoja, mtu mpole asiyependa kuamshwa. Akasikiliza kisa chote. Akauliza swali moja: mbwa alikuwa amerowa? Hapana. Mtandio ulikuwa umerowa? Hapana, ulikuwa umeshakauka zamani. Akanyamaza, kisha tukasikia kitu ambacho kwa adabu tutakiita kikohozi. Kikavu kikigusa kikavu, akasema, najisi haihami. Mtandio ulikuwa safi. Mngeusalia. Na hata kama ungenajisika, udongo ni mara moja tu kati ya zile saba, sio mara zote. Kwa nini mmeuzika?

Tunajua hukumu ya mbwa tangu chuoni, na hapa visiwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi: mate yake na unyevu wake ni najisi nzito, huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hilo tunalijua kama jina letu. Tulichosahau, au hatukupata sababu ya kukikumbuka, ni yaliyobaki. Kwamba katika hadithi za Bukhari na Muslim, anayepunguziwa thawabu kila siku ni mwenye kufuga mbwa bila ya haja, na wa mifugo, wa shamba na wa kuwindia wamevuliwa wazi. Kwamba Imamu Malik na wafuasi wake hawamhesabu mbwa kuwa najisi kabisa. Kwamba katika hadithi yuko mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu kisimani, na yuko mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, yule aliyemfunga asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Sisi tunawapenda paka na tunajisifu kwa Abu Hurayra. Lakini ukihesabu vizuri, kisa cha paka hapo ndicho cha kuogofya.

Na tusijifanye visiwa vyetu havina mbwa. Huko mashamba Unguja wasasi wa nguruwe mwitu hutoka na mbwa wao toka enzi za mababu. Pemba nako kumefanywa kazi kubwa ya kuchanja mbwa ili kukitokomeza kichaa. Tofauti ni kwamba mbwa hao sisi wa mjini hatuwaoni, kwa hiyo tumejiaminisha hawapo.

Bosi, kwa taarifa yenu, ana cheti cha chanjo. Mama mkwe alikitoa sandukuni kukionesha kama sisi tunavyoonesha cheti cha ndoa. Kule pembezoni mwa hifadhi ya Serengeti chanjo ya mbwa si mchezo. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliwaingia simba wa Serengeti, na karibu thuluthi moja yao wakafa. Vijiji vingi vya karibu na hifadhi vimekuwa vikichanja mbwa kwa miaka mingi, kwa ajili ya watu kabla ya simba, maana kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza mtu haponi. Akikuuma mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate sindano. Sabuni, wapenzi, na hospitali. Mambo ya mara saba yatafuata baadaye. Lozi wetu aliyetoka kwa wastaarabu hakuwa na cheti chochote.

Lakini haki ya biharusi nayo tutaitetea, maana tusipoitetea sisi nani ataitetea. Kuwa mbwa wa mifugo anaruhusiwa hakumaanishi aingie chumbani, alambe sufuria, au alale juu ya msala. Mke ana haki ya kuwa na mahali pake pakavu pa kusalia, maji yake yaliyofunikwa, vyombo vyake vilivyoinuliwa. Na aseme kabla ya ndoa, mapema, kwa upole, wakati mume mtarajiwa bado anajibu kila kitu kwa "bila shaka, mpenzi". Huo si ukorofi wala si kuwadharau wakwe. Kumbe ni jambo jepesi: asubuhi tulipoamka tulimkuta mama mkwe ameshafagia chumba cha nyuma, ametandika mkeka mpya, na ameegesha ubao mlangoni wa kumzuia Bosi. Hakuna aliyemwambia. Alisikia mayowe akafanya hesabu mwenyewe.

Mikoba tukaifungua.

Sasa njooni kwenye tungule, kwani hapo ndipo tulipokaribia kuvunja ndoa mara ya pili, na safari hii hakukuwa na mbwa wa kumsingizia. Siku ya tatu biharusi aliamua kupika. Jikoni walikuwamo mama mkwe, bibi mzaa baba na majirani wawili waliokuja kumtazama mke kutoka baharini. Biharusi, kwa ile sauti yake ya asali, akauliza: "Mama, tungule mnaweka wapi? Nataka mbili tatu nitie kwenye mchuzi."

Jiko likanyamaza. Bibi akaacha kupepeta. Jirani mmoja akakumbuka kwamba ana kazi kwake.

Kwetu tungule ni tungule, nyekundu, za mchuzi, ambazo bara wanaziita nyanya. Lakini bara kuna neno jingine, tunguli: kile kibuyu cha mganga, kinachotiwa dawa na kutumiwa kwa mambo ambayo watu hawayasemi mchana. Kwa hiyo waliyoyasikia wale akina mama ni kwamba mke mpya, ambaye usiku wa kwanza alionekana na wenzake wanne wakisugua kitambaa cheupe kwa udongo huku wakihesabu mpaka saba, sasa anaulizia vibuyu vya mganga, na anataka kuvitia kwenye mchuzi.

Tunacheka leo. Kule si neno la kuchezea. Kanda ya Ziwa wako wazee waliouawa kwa sababu tu ya kushukiwa uchawi, na mke mgeni asiye na ndugu karibu hana kinga yoyote mbele ya uvumi. Mama mkwe akasema taratibu, akichagua maneno: "Mwanangu, hapa kwetu mambo hayo hatuna." Biharusi akajibu kwa wema kabisa: "Hakuna hata moja? Basi nitume mtoto sokoni."

Aliyetuokoa ni yule yule mtoto wa kuchekacheka. Alikuwa anatusikiliza siku tatu mfululizo kama redio, akasema, "Bibi, huyu anataka nyanya." Jinsi alivyojua, Mungu ndiye mjuzi. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Yule jirani aliyeondoka akaitwa arudi, na tukahakikisha amerudi kweli na amekula, maana uvumi ukitoka mlangoni na nusu ya habari haurudi.

Baada ya hapo ikawa mchezo. Tukiagiza mbatata, mtoto anarudi kusema bata yuko mmoja tu na hauzwi. Tukisema tunakwenda kukoga, wanatusahihisha: kuoga. Tukisema skuli, darasa zima la watoto linaitikia kwa kicheko. Na sisi, kusema kweli, tulikuwa tumekuja na kiburi chetu. Si tunajua kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja? Tulitaka kuwakumbusha. Lakini mwenzetu mmoja ambaye ni mwalimu alitutoa hewa. Shule yao, alisema, ni ya Wajerumani, skuli yetu ni ya Waingereza, na mbatata tuliipata kwa Wareno. Tumekaa tunagombania nguo za mitumba na kila mmoja anasema yake ni ya dukani.

Na ile "kuja hapa" iliyomliza biharusi? Ndivyo wanavyoita. Wanamwita hivyo mtoto, mgeni, mama mzazi. Mumewe siku nzima anaitwa "mura", tukadhani ni jina lake la utotoni, kumbe kwa Kikurya ni kijana wa kiume tu, na ukisimama njiani ukaita mura watageuka kumi. Sauti zao ni za watu wanaoongea kutoka upande mmoja wa malisho hadi mwingine. Zetu ni za watu wanaoishi ukuta kwa ukuta na jirani anayesikiliza. Upole wetu wa sauti, tukubali, mara nyingine ni hofu ya dirisha la Bi fulani.

Hata neno mahari lilitupa kazi. Majirani waliuliza ni ng'ombe wangapi walikwenda huko baharini. Mama mkwe akajibu kwa aibu kidogo: hakwenda hata mmoja. Macho yakamgeukia biharusi kwa huruma, kama mtu aliyechukuliwa bure. Kwa kawaida ya huko ng'ombe huenda kwa baba wa binti na watu wake, na wingi wao ndio uzito wa ndoa. Ikabidi tueleze kwamba mahari yalitolewa, pesa na vidani, na kwamba yako kwa biharusi mwenyewe, kwani katika Suratun Nisaa, aya ya 4, mahari ni ya mwanamke, si ya babake wala kakake. Bibi aliyafikiria hayo muda mrefu. "Yaani ng'ombe wangekuwa wake yeye?" Ndiyo. "Wote?" Ndiyo, bibi. Akasema basi yeye ataolewa upya.

Hapo tuwe wakweli. Tuliwapa somo hilo kwa fahari, kisha njiani tunarudi tukaanza kuhesabu mabiharusi wa huku kwetu ambao mahari yao yaliishia kwenye ukumbi, mapambo na sare za ndugu kabla hawajayashika mkononi. Tukaacha kuhesabu kabla ya kufika Dar.

Kuhusu kutoka usiku, tutasema kidogo. Tulipouliza usiku tunatoka wapi, tulijibiwa: "Mtoke mwende wapi? Fisi nao wanatoka." Hakuna Forodhani huko, hakuna juisi ya miwa yenye tangawizi, hakuna urojo. Kuna moto uani, na baridi ambayo madera yetu ya kitambaa chepesi hayakuandaliwa, ikabidi tujifunike mablanketi ya zizini yenye harufu yake. Mzee mmoja alipiga litungu, lile zeze kubwa la nyuzi nane la Wakurya, sauti nzito inayotikisa kifua. Wapo kati yetu wenye rai kali kuhusu ala za muziki na walisogea kando kidogo. Hatukuona wakisogea mbali. Nyota zilikuwa nyingi kupita kiasi. Biharusi na mumewe walikaa upande wa pili wa moto, na tulimsikia akimwita kwa sauti ndogo kabisa, "njoo". Amejifunza.

Jambo la mwisho ni la ibada na lina faida, kwa hiyo lishikeni. Jumatatu tulifunga sunna. Simu ya mwenzetu ikaadhini Magharibi, tende zikafika midomoni, na bibi, ambaye si Muislamu wala hajawahi kufunga, akasema: "Lakini jua lile pale." Lilikuwa pale, jekundu, zima. Programu ya simu ilikuwa bado iko Unguja. Kisaka iko magharibi mbali na sisi, na jua lake huzama kama dakika 20 baada ya letu, zikipungua au kuongezeka kwa msimu. Biharusi unayehamia bara, badilisha mji kwenye simu yako kabla ya kufungua masanduku. Kibla, alhamdulillah, haikutusumbua: ni kaskazini kama kwetu, ukiegemea mashariki kidogo tu.

Tuliondoka siku ya nane. Lozi alikuwa ameshajipatia ghala la nafaka kuwa lake, na panya walishahama. Mchana analala kivulini karibu na Bosi, si karibu sana, kwa urefu wa mkia mmoja. Wiki iliyopita biharusi ametutumia ujumbe wa sauti, nao umeanza na "Wewe! Sikia!" kiasi kwamba tuliisogeza simu mbali na sikio. Ametuagiza singo, udi, mtandio mweupe mwingine, na mbegu za tungule. Mbegu si zake. Ni za mama mkwe, ambaye amesema atazipanda nyuma ya nyumba, na siku hizi akienda gulioni anaulizia tungule kwa sauti kubwa ili aone nani atakimbia.